Ushahidi Uliochelewa: Ubakaji wa Wanawake Wakati wa Hali ya Hatari na Uhakiki wa Fasihi Yetu

Utangulizi

Mnamo tarehe 6 Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, aliliambia bunge la nchi yake kwamba serikali inatambua kuwa Wakenya waliteswa na kutendewa unyama mwingine mikononi mwa utawala wa kikoloni wakati wa Hali ya Hatari, na kwamba inalisikitikia jambo hilo. Pamoja na tamko hilo zilitolewa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya walalamishi 5,228 na gharama za kesi yao. Miongoni mwa watu watano waliofungua madai ya kwanza mjini London mwaka 2009 alikuwamo mama mmoja aliyekamatwa mwaka 1954 akiwa msichana wa miaka 15, akapelekwa kwenye kambi ya mahojiano, na huko akatendewa unyama wa kingono kwa chupa. Jina lake limo katika hukumu, na mwenyewe alilitoa kwa hiari yake. Hapa tutamwita mlalamishi tu, kwa sababu tunachokishughulikia ni maelezo yake kama matini.

Makala haya hayakusudii kusimulia historia ya kesi hiyo. Wanahistoria wamekwisha kuifanya kazi yao, hususan Caroline Elkins na David Anderson, ambao vitabu vyao vilitoka mwaka 2005. Swali letu ni la kifasihi. Kwa nini mahakama ya kigeni ndiyo iliyomsikia mama huyu, ilhali fasihi ya Kenya juu ya vita vya Mau Mau ilikuwa imeandikwa, ikahakikiwa, ikafundishwa na kutahiniwa kwa takriban miaka 50? Jibu linalotolewa upesi katika semina zetu ni kwamba wanawake hawakusema kwa sababu ya aibu. Jibu hili lina ukweli wake, lakini halitoshi, na zaidi ya hayo linawatwika wahanga lawama ya ukimya ambao hawakuuanzisha peke yao. Tunadai kwamba fasihi yetu haikukosa habari za ubakaji. Ilikuwa nazo tele, ila iliziweka katika hali ya istiara. Nchi ndiyo iliyonajisiwa, ardhi ndiyo iliyoingiliwa kwa nguvu, na mkoloni ndiye aliyemvua mama Afrika nguo mchana kweupe. Mwili wa mwanamke ukiisha kufanywa ardhi, hapana anayeuliza nini hasa kiliupata, siku gani, na kwa mkono wa nani.

Neno lenyewe

Kabla ya kuziendea matini, hatuna budi kulitazama neno. Kiswahili cha Kenya kimezoea kusema kwamba mtu amenajisiwa. Kunajisi ni kutia najisi, na najisi, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ni uchafu wa kiibada. Aliyepatwa na najisi ndiye mwenye wajibu wa kujitoharisha. Kitenzi hiki kinapotumiwa kwa tendo la jinai hakisemi lolote juu ya hiari iliyovunjwa. Kinachosema ni kwamba mtendwa sasa ni mchafu. Kuharibu nako, kama tusemavyo msichana fulani kaharibiwa, humgeuza mtu kuwa kitu kilichopungua thamani. Kubaka, kwa upande mwingine, hutaja nguvu na unyakuzi, na kwa hiyo humwelekezea kidole mtenda. Katika matumizi ya mahakama na magazeti tangu Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, ubakaji umeelekea kuwa neno la kosa dhidi ya mtu mzima, na unajisi neno la kosa dhidi ya mtoto; yaani yule asiyeweza kulaumiwa hata kidogo ndiye aliyepewa neno la uchafu. Ajabu ya lugha!

Tusieleweke vibaya. Mlalamishi wetu hakuyasema yake kwa Kiswahili, na hatudai kwamba msamiati peke yake hufunga vinywa vya watu. Lakini sisi tunaoandika uhakiki kwa Kiswahili twatumia neno la uchafu kila tunapoandika juu ya nchi iliyonajisiwa, na istiara hiyo haiwezi kufanya kazi pasipo dhana kwamba mwanamke aliyebakwa amechafuka. Ndiyo maana katika kurasa hizi tumelichagua neno la pili.

Mabadiliko ya mwaka 1986

Tuanze na riwaya inayosomwa kuliko zote juu ya kipindi hiki, A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1967. Wengi wa wanafunzi wetu wameisoma katika toleo lililosahihishwa la mwaka 1986, na aghalabu hawajui kwamba matoleo hayo mawili yanatofautiana katika jambo zito. Katika toleo la kwanza Daktari Lynd, mwanamke wa Kizungu, anabakwa na wanaume Waafrika, mmoja wao akiwa Koina, aliyekuwa mtumishi wake, na mbwa wake anakatwakatwa. Katika toleo la 1986 ubakaji umeondolewa. Mbwa amebaki. Mwandishi, aliyefariki mwaka 2025, alieleza kwamba alitaka mtazamo wa wahusika wake wakulima ulingane na ushindi wao katika historia.

Wahakiki wameyajadili mabadiliko haya kama suala la itikadi: je, mwandishi aliyekwisha kuikumbatia siasa ya kimapinduzi alikuwa na haki ya kuwatakasa wapiganaji wake? Suala hilo ni halali, lakini limetushughulisha kupita kiasi, hata tukaliacha lingine lililo wazi zaidi. Katika matoleo yote mawili, ubakaji wa mwanamke Mwafrika mikononi mwa ngati, askari au afisa wa Kizungu haupewi onyesho kamili lililo lake. Tendo lililosimuliwa waziwazi mwaka 1967 lilikuwa lile ambalo magazeti ya walowezi yaliliogopa mno. Lilipoondolewa mwaka 1986, nafasi yake haikujazwa na lile lililotokea katika vijiji na kambi. Mwandishi alifuta alichoona kuwa ni kashfa dhidi ya wapiganaji. Kuandika ushahidi wa wanawake lilikuwa jambo jingine kabisa.

Hapa ni haki kukumbuka kwamba mateso ya kingono dhidi ya wanaume yalikuwa yamekwisha kuingia katika fasihi tangu mwaka 1964. Katika Weep Not, Child, kijana Njoroge anabanwa sehemu zake za siri kwa koleo mbele ya Howlands. Wasomaji wa riwaya hiyo hawakushangaa walipopata habari mwaka 2009 kwamba wawili kati ya walalamishi wanaume wa kesi ya London walikuwa wamehasiwa kambini. Maumivu ya mwanamume yalihesabiwa kuwa historia tangu mwanzo, kwa sababu yalisomwa kama jaribio la kuua ukoo na taifa. Maumivu ya Wambuku, anayepigwa na mlinzi pale kwenye handaki akiwa mjamzito na kufa baadaye, hutajwa katika madarasa yetu kwa sababu moja tu: ndipo Mugo alipojitokeza kumtetea na kukamatwa. Mwanamke amekuwa tukio katika maisha ya shujaa.

Kisha kuna Mumbi. Mumewe Gikonyo yuko kizuizini kwa miaka sita. Karanja, aliyejiunga na walinzi na baadaye kupewa uchifu, amekuwa akimtaka kwa muda mrefu naye amekuwa akimkataa. Kijiji kimechomwa, watu wamehamishwa kwa nguvu, njaa imeingia, na chifu ndiye mwenye bunduki na chakula. Siku Karanja anapomwambia kwamba mumewe yuko njiani kurudi, Mumbi anaduwaa kwa furaha, na katika hali hiyo Karanja anamwingilia. Anazaa mtoto. Takriban kila mwongozo wa riwaya hii uliopata kupita mikononi mwetu huliweka tendo hilo chini ya dhamira ya usaliti, sambamba na usaliti wa Mugo aliyemtoa Kihika. Mumbi, kwa mujibu wa usomaji huu, amemsaliti mumewe.

Hebu tulisome upya kama mpelelezi asomavyo jalada la zamani. Ni nani mwenye mamlaka katika chumba kile? Ni nani aliyekuwa akikataa miaka yote hiyo, na kukataa kwake kumefutwa na nini? Je, mwanamke asiyejitambua kwa mshtuko wa habari ameridhia? Hatusemi kwamba riwaya imeandika ubakaji na sisi sote tumepofuka. Maandishi yana utata, na ni sifa ya mwandishi kwamba ameuacha utata huo ukae. Tunalosema ni kwamba uhakiki wetu haukuuona kuwa utata. Ulikata shauri tangu mwanzo, na ukakata dhidi ya Mumbi, kama Gikonyo anavyofanya anaporudi na kumkuta mtoto: haulizi, hasikilizi, anahamia katika ukimya na biashara. Mtu pekee anayeisikia simulizi ya Mumbi kwa kinywa chake mwenyewe ni Mugo, naye ana siri yake inayomla.

Mwisho wa riwaya unaunga mkono usomaji huu kuliko tunavyokiri. Gikonyo, akiwa kitandani hospitalini, yuko tayari hatimaye kuzungumza juu ya mtoto. Mumbi hampokei kwa machozi ya shukrani. Anamwambia kwamba yaliyopita kati yao ni mazito mno kumalizwa kwa maneno machache. Wanahitaji kuketi, kufunuliana mioyo na kuyachunguza. Wahakiki wengi wamekimbilia kile kigoda ambacho Gikonyo anakusudia kukichonga, pamoja na sura ya mwanamke mjamzito, na kutangaza kwamba taifa limezaliwa upya. Sharti la Mumbi limepitwa mbio. Anachokidai ni uchunguzi, tena kabla ya kigoda.

Waliopata kalamu

Haikuwa kwamba hapana mwanamke aliyeandika. Muthoni Likimani alitoa Passbook Number F.47927 mwaka 1985, kitabu cha visa vya wanawake katika miaka ya Hali ya Hatari, na ni aibu kwamba hakijapata nusu ya uhakiki uliopewa riwaya za wanaume. Mwaka 1998 Wambui Waiyaki Otieno alichapisha maisha yake, Mau Mau's Daughter, na humo akaeleza kwamba alibakwa na afisa wa Kiingereza alipokuwa kizuizini Lamu, mwaka ule ule ambao Hali ya Hatari ilitangazwa kwisha, yaani 1960. Kati ya tendo na kuchapishwa kwake ilipita miaka 38.

Tuitazame hiyo miaka 38. Mwandishi huyu alikuwa binti wa ukoo wa Waiyaki wa Hinga, msomi wa Kiingereza, mwanasiasa, na mwanamke aliyekuwa amekabiliana na ukoo wa mumewe mbele ya taifa zima katika kesi ya mazishi ya mwaka 1987. Hakuwa mtu wa kuogopa midomo ya watu. Ikiwa mwenye nguvu zote hizo alichukua muda huo wote, hatupaswi kustaajabu kwamba wanawake wa vijiji vya Murang'a, Nyeri au Kirinyaga walingoja zaidi. Wao waliishi jirani na waliowatenda. Ngati wa mwaka 1954 aliweza kuwa mwenyekiti wa kamati ya shule mwaka 1964, na wito wa serikali mpya ulikuwa kusahau yaliyopita. Sheria ya kikoloni iliyopiga marufuku Mau Mau ilibaki katika vitabu hadi mwaka 2003, kiasi kwamba kwa miaka 40 ya uhuru aliyetaka kudai haki kama mwanachama wa Mau Mau alikuwa akijitangaza kuwa mwanachama wa chama haramu. Hata Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake Mei 2013 na kulipa suala la dhuluma za kingono uzito uliostahili, ilipewa mamlaka ya kuchunguza kuanzia tarehe 12 Desemba 1963. Yaliyotangulia siku hiyo yalikuwa nje ya mlango.

Maelezo ya shahidi kama matini

Tunarudi kwa mlalamishi. Maelezo yake ni utanzu wenye kanuni zake. Hutumia nafsi ya kwanza, lakini mimi huyo ana walezi wengi: mwenyewe aliyesema, mkalimani aliyefasiri, wakili aliyepanga aya na kuzipa nambari, na sheria iliyoamua lipi linahusu na lipi halihusu. Sauti tunayoipata imechujwa mara tatu. Mtafiti wa fasihi simulizi ataitambua hali hii mara moja, maana ndiyo hali ya ngano zilizokusanywa na wamishenari. Na kama vile hatuzitupi ngano hizo, hatuwezi kuyatupa maelezo haya. Twapaswa kuyasoma tukijua mikono iliyoyapitisha.

Jambo la kwanza linalompasa mhakiki kuliangalia ni wakati. Sheria ya Uingereza humtaka aliyedhurika mwilini afungue madai kwa kawaida ndani ya miaka 3, ingawa jaji anaweza kulegeza kipimo hicho akiona haki itatendeka. Oktoba 2012 Jaji McCombe aliruhusu madai ya watu watatu, mlalamishi wetu akiwa mmoja wao, yasikilizwe. Aliona kwamba nyaraka zilizobaki zilikuwa nyingi kiasi cha kuwezesha kesi ya haki. Na baadhi ya nyaraka hizo zilitoka katika majalada yaliyosafirishwa kutoka Kenya wakati wa uhuru na kufichuliwa huko Hanslope Park mwaka 2011 tu. Lakini katika kesi ya pili, iliyoletwa na watu zaidi ya 40,000, mahakama hiyo hiyo iliamua mwaka 2018 kwamba muda uliopita ulikuwa mrefu mno: mashahidi wengi walikwisha kufa, na kumbukumbu za waliobaki zilikuwa zimefifia au kuathiriwa na mengine waliyoyasikia.

Hatuna ujuzi wa kuhukumu majaji kwa sheria zao. Hata hivyo, kuna jambo ambalo mwanafasihi analiona upesi. Nyaraka ndizo zilizouokoa ushahidi mwaka 2012, na nyaraka ziliandikwa na maafisa. Wafungwa 11 walipouawa kwa kipigo huko Hola tarehe 3 Machi 1959, palikuwa na uchunguzi wa vifo, ripoti, na mjadala katika bunge la Uingereza. Mauti ya wanaume katika kambi yalizaa karatasi. Msichana aliyetolewa nyumbani usiku katika mojawapo ya vijiji vilivyozungushiwa handaki, ambamo zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa kuanzia mwaka 1954, hakuzaa karatasi kwa kawaida. Kwa hiyo ubakaji hutegemea kumbukumbu kuliko kosa lolote jingine la kipindi hicho, na kumbukumbu ndiyo iliyotangazwa kuwa dhaifu.

Udhaifu wenyewe ni wa namna gani? Shahidi hukumbuka rangi ya kitu, harufu, neno moja lililosemwa, lakini hukosea mwezi. Huanza katikati. Huruka jambo kubwa na kukaa kwa kirefu juu ya dogo, kama mbuzi waliochukuliwa siku ile. Husema sisi anapokuwa peke yake, na husema yule msichana anapojisemea mwenyewe. Mbele ya wakili wa upande wa pili haya ni mapengo ya kupenyeza shaka. Darasani kwetu ni mambo tunayoyafundisha kila mwaka chini ya anwani za mtazamo wa msimulizi, mpangilio wa wakati na mbinu rejeshi. Hatudai kwamba kila simulizi yenye mapengo ni ya kweli. Hilo lingekuwa upuuzi, na lingewadhuru mashahidi wenyewe. Tunadai kwamba pengo lina umbo, na kwamba athari ya kudumu ya tendo hili huonekana mara nyingi katika umbo la masimulizi kabla ya kuonekana katika maudhui yake. Msimulizi anayehama kutoka nafsi ya kwanza hadi ya tatu penye tendo lenyewe amekwisha kutuambia kitu juu ya miaka 50 aliyoishi nalo.

Riwaya ya baadaye

Riwaya ya Kiswahili ya karne hii imelikaribia jambo hili bila istiara. Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotoka mwaka 2014, Lime na Mwanaheri wanabakwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, na msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa ni uchaguzi upi unaokumbukwa. Lakini mhusika anayetuhusu zaidi ni Sauna. Huyu alibakwa na baba yake wa kambo, akapata mimba. Mama yake akamsaidia kuitoa, na akamkanya asimwambie mtu. Baadaye tunamkuta akiiba watoto na kuwatia katika biashara haramu, hadi sheria inapomkamata. Wanafunzi hufundishwa kuandika kwamba Sauna ni katili na mwenye tamaa, kisha alama hutolewa. Angalieni, hata hivyo, njia ambayo sheria imepita ndani ya riwaya: imemfikia binti kwa alilotenda, haikumfikia baba kwa alilomtenda, na agizo la mama la kunyamaza limetiiwa hadi mwisho na kila mtu isipokuwa msimulizi. Bila yeye tusingejua.

Nje ya riwaya, tarehe 10 Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kesi iliyofunguliwa mwaka 2013 na walionusurika dhuluma za kingono za 2007 na 2008. Kati ya wanane waliolalamika, wanne walipewa fidia ya shilingi milioni 4 kila mmoja. Miaka 12 ilikuwa imepita, muda mfupi ukilinganishwa na ule wa mlalamishi wetu, na tayari nusu yao walitoka mikono mitupu.

Kwa wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada, kazi iko na muda haupo. Msichana wa miaka 15 wa mwaka 1954 alizaliwa mwaka 1939 au karibu na hapo. Walio hai wamepita miaka 80. Idara za fasihi simulizi zimekusanya nyimbo za Mau Mau, viapo, methali na visa vya msituni. Masimulizi ya wanawake wa vijiji vya handaki yanahitaji kurekodiwa katika Kikuyu, Kiembu na Kimeru kama yalivyosemwa, pamoja na vituo, marudio na mabadiliko ya nafsi, bila kusahihishwa na wakili wala mhariri, na kwa ridhaa ya msemaji juu ya nani atakayesikiliza na lini. Wengine watakataa kusema, na kukataa kwao kuandikwe pia, kwa tarehe na mahali.